Siku ya Kupumzika Siyo Deni

Kila Desemba ikiingia, habari ya mjini hapa chuoni inakuwa ni Moshi. Mbio za Kilimanjaro zimekuwa zikifanyika pale tangu mwaka 2003, na kila msimu kuna wenzetu wa Ifakara wanaojikusanya, wanachangishana nauli, wanasaka raba za mtumba sokoni na kupakua kwenye simu ratiba ya wiki 12 ya kilomita 21. Tangu Alphonce Simbu atuletee dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, hamasa imepanda zaidi. Wiki ya kwanza tunajaa barabarani alfajiri mpaka wauza maandazi wanatushangaa. Wiki ya saba tumebaki wachache, na wengi walioachia njiani hawakuachia kwa uvivu. Ugoko unauma, goti limevimba, au mwili umekataa tu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu kukimbia na kundi hili. Nimeshasikia maelezo mengi: barabara mbaya, raba feki, msosi mdogo, joto. Yote yana ukweli ndani yake. Lakini kuna sababu moja ambayo hatuisemi, kwa kuwa tunaionea fahari. Hatupumziki. Na mtu akikosa kupumzika hajioni kuwa amevunja ratiba, anajiona amekaza.

Hebu angalia inavyokwenda. Ratiba inasema Jumatatu pumzika, Jumanne kilomita 6, Jumatano kilomita 5 za pole, Alhamisi mazoezi ya kasi, Ijumaa pumzika, Jumamosi mbio ndefu, Jumapili pumzika au tembea. Jumanne mvua inashuka tangu saa kumi alfajiri, barabara ni tope tupu, mtu hatoki. Kwa hiyo zile kilomita 6 anazisogeza Jumatano, za Jumatano zinaenda Alhamisi, kasi ya Alhamisi inaangukia Ijumaa. Jumamosi anaamka na miguu iliyofanya kazi siku tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa ngumu kuliko zote, halafu anaingia kilomita 14. Ukimfungulia simu yake, kila kisanduku kina alama ya vema. Ratiba imetimia. Kilicholiwa ni Ijumaa, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Sisi wanafunzi tunayajua madeni. Tuna deni la Mangi dukani, deni la mwenye nyumba, na deni la bodi ya mikopo linatusubiri tukimaliza. Labda ndiyo maana kilomita iliyokosekana nayo tunaiona ni deni, na mtu mwaminifu hulipa. Msimamo wangu ni kwamba siyo deni. Siku ya kukimbia ikipita, imepita. Ukiilipa kwa siku ya kupumzika, unachukua hela ya chakula kulipia nauli ya safari ambayo gari lake limeshaondoka.

Tuanze na mwili wenyewe, maana wengi wetu hapa tunausoma darasani halafu tukifika barabarani tunausahau.

Ukikimbia sana, misuli inatumia sukari iliyojihifadhia, ile inayoitwa glaikojeni. Kuirudisha kunahitaji chakula cha wanga cha kutosha na muda wa siku nzima hivi. Chakula cha wanga Ifakara hakijawahi kuwa tatizo, wali upo. Tatizo ni ile siku nzima. Kano nazo zina saa yake. Baada ya mazoezi mazito, kwa muda wa saa 24 hadi 36 ubomoaji wa nyuzi za kano unazidi ujenzi, kisha ujenzi ndio unashika nafasi. Anayerudia mazoezi mazito kila baada ya saa 24 anagonga kano ikiwa bado upande wa hasara. Mfupa ndio mpole kuliko wote. Chembe zinazoondoa sehemu iliyochoka huchukua wiki kadhaa, na zile zinazojenga upya huchukua miezi. Katikati hapo mfupa una matundu madogo ambayo bado hayajazibwa. Ndiyo maana maumivu ya ugoko yanawakuta watu wiki ya nne au ya tano, wakati pumzi imeshakuwa nzuri na mtu anajiona simba. Mapafu na moyo vimetangulia, mifupa iko nyuma inaita na hakuna anayesikia.

Kwa hiyo siku ya kupumzika ina kazi yake kwenye ratiba kama ilivyo siku ya kasi. Siku ya kasi unaagiza mzigo, siku ya kupumzika mzigo unashushwa. Ukiagiza kila siku bila kushusha, siku moja utakuta mlango haufunguki.

Sasa, mtu atauliza: si ratiba yenyewe imeweka siku za kupumzika? Tufuate tu ilivyoandikwa. Hapa ndipo napotofautiana na hata wale wanaofuata ratiba neno kwa neno.

Ratiba nyingi tunazopakua ziliandikwa kwa ajili ya mtu anayeenda ofisini kwa gari, anakaa kwenye kiti saa nane, anarudi nyumbani penye friji na maji ya bomba. Kwake yeye "pumzika" ni siku ambayo kwa kweli hafanyi kitu. Sisi je? Chukua mwanafunzi aliyepanga geto Kibaoni. Siku yake ya kupumzika inaanza kwa kuchota maji. Anaendesha baiskeli mpaka hospitali, anasimama kwenye raundi kutoka kitanda hadi kitanda mpaka mchana, anarudi kwa baiskeli juani, jioni anafua. Saa mbili usiku anaanza kupiga msuli kwa ajili ya jaribio la kesho. Hajakimbia hata mita moja, lakini miguu yake haijapumzika, na kichwa ndiyo kabisa.

Joto nalo linadai sehemu yake. Bonde la Kilombero liko chini, Ifakara yenyewe iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na miezi ile ile tunayojiandaa kwa Moshi ndiyo miezi ya joto na unyevu. Kilomita 8 za hapa saa mbili asubuhi mwezi wa Januari zinaugharimu moyo zaidi ya kilomita 8 za ratiba iliyoandikwa kwenye nchi ya baridi. Kasi inashuka, mapigo yanapanda, maji yanatoka. Ukijilinganisha na namba ya kwenye simu utadhani umezembea, na dawa ya uzembe, tumefundishwa tangu shule ya msingi, ni kuongeza bidii.

Kuna usingizi pia. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa wanamichezo 112 wa shule moja ya California. Waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ukilinganisha na waliolala saa 8 au zaidi. Hao ni vijana wanaolala nyumbani kwa mama zao. Kwetu sisi, anayetoka zamu ya usiku wodini saa moja asubuhi, akaunganisha moja kwa moja na kilomita 10 kwa sababu ratiba imesema, anatafuta nini hasa? Nimewahi kuwaona watu wakifanya hivyo na wakapigiwa makofi kwenye kundi la WhatsApp. Mimi sikupiga.

Najua hoja zitakazoletwa. Nimezisikia zote barabarani, nyingine tukiwa tunakimbia.

Ya kwanza: bibi zetu wanalima kila siku, hawana siku ya kupumzika, na wana nguvu kuliko sisi. Anayesema hivi hajakaa vizuri na bibi yake msimu wa mpunga. Mkulima wa bonde hili anatoka alfajiri, jua likiwa kali yuko kivulini. Kulima kwa jembe kuna majira yake, palizi ina majira yake, na mpunga ukianza kubeba punje kazi inageuka kuwa kukaa dunguni kuamia ndege. Kuamia ndege ni kazi, inachosha kwa namna yake, lakini mgongo unanyooka. Mavuno yakiisha, kuna wiki za ngoma, harusi na kutembeleana. Kazi nzito kila siku, mwaka mzima, kwa kiungo kile kile cha mwili, hakuna mkulima anayejipangia hivyo kwa hiari yake. Bibi anajua kuchanganya kazi nzito na nyepesi kuliko programu yoyote ya simu.

Ya pili: Wakenya wanakimbia kila siku. Ni kweli, wapo. Marehemu Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni kwa saa 2:00:35 kule Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, alijulikana kwa wiki za zaidi ya kilomita 250, na kocha wake alieleza kwamba hawakuwa na siku maalumu ya mapumziko. Lakini kocha huyo huyo alieleza pia kuwa maisha ya Kiptum yalikuwa kukimbia, kula na kulala, na alisema hadharani kwamba ana hofu kijana ataumia asipopunguza. Eliud Kipchoge naye kwa miaka mingi kambini Kaptagat aliweka mazoezi mazito Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku za katikati alikimbia pole kiasi kwamba mwanafunzi wa jogingi angeweza kumfuata kwa dakika chache. Mchana alilala. Usichukue kilomita za Kipchoge ukaacha usingizi wake. Na usisahau kwamba Simbu wetu alikuwa wa pili Boston Aprili 2025, kisha akashinda Tokyo Septemba. Kati ya marathoni hizo mbili ilipita karibu miezi mitano. Bingwa wa dunia anahesabu mizigo yake.

Ya tatu ndiyo inayogusa moyo: John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anayekimbia amesimuliwa habari yake. Mexico City, Oktoba 1968, alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi kufika. Watu wanamtaja kumwambia mwenzao mwenye ugoko unaouma: kaza, mbona Akhwari alimaliza?

Namheshimu mzee Akhwari, na kwa heshima hiyo hiyo nasema tunamtumia vibaya. Alichechemea siku ya Olimpiki. Siku ya namna hiyo mtu anaipata mara moja au mbili maishani, na ana haki ya kuamua kuilipia kwa goti lake. Hakuchechemea Jumanne ya mazoezi kwenye barabara ya Kidatu ili kundi lisimcheke. Na hadithi yake haikuishia Mexico. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni. Goti lililoumia lilipewa muda, likarudi kazini. Sehemu hiyo ya hadithi ndiyo ingetufaa zaidi wanafunzi, na ndiyo ambayo hatusimuliwi.

Kwenye mbio zile zile za Mexico alikuwepo Mmarekani anayeitwa Kenny Moore, akamaliza wa 14. Huyu alikuwa mwanafunzi kama sisi, Chuo Kikuu cha Oregon, na mwenye ugonjwa wetu: kila siku anaongeza mazoezi ya siri juu ya aliyopangiwa. Kocha wake, Bill Bowerman, alikuwa na kanuni ya siku ngumu na siku nyepesi, na akachoka kumwona kijana anajimaliza. Akamwekea marufuku: kwa wiki tatu asikimbie zaidi ya maili tatu za pole kwa siku, yaani kama kilomita 5. Moore alikasirika sana. Wiki tatu zilipoisha aliingia mbio za maili mbili akavunja muda wake bora kwa sekunde 27. Miaka minne baada ya Mexico, kule Munich mwaka 1972, alikuwa wa nne kwenye marathoni ya Olimpiki. Bowerman hakumwongezea dawa wala chakula. Alimwondolea kilomita.

Kwa Ifakara kuna jambo moja ambalo Oregon hawakuwa nalo, nalo ni malaria. Mji huu unajulikana duniani kwa utafiti wa ugonjwa huo, ulioanzia kwenye maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950 na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Bado sisi tunaoishi juu ya utafiti huo tunakwenda barabarani na homa. Mtu anaamka viungo vinauma, anasema ni uchovu wa mazoezi, "nikitoka jasho itaisha". Hapa uchovu wa mazoezi na mwanzo wa malaria vinafanana, na njia ya kuvitofautisha ni kipimo cha haraka, hakichukui hata nusu saa. Ukikutwa nayo, umemeza mseto kwa siku tatu na homa imekwisha, bado hujamaliza. Vimelea vimeharibu chembe nyekundu za damu, na hizo ndizo zinazopeleka hewa kwenye misuli. Zinarudi taratibu. Siku tatu za mseto zisihesabiwe kuwa ndizo siku zako za kupumzika za wiki hiyo, halafu ya nne ukaingia mbio ndefu. Anza kwa kutembea, kisha pole, na ratiba irudishe nyuma badala ya kuikimbiza. Filbert Bayi mwenyewe, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch Februari 1974, alikuwa akisumbuliwa na malaria kabla ya Olimpiki ya Montreal 1976, ambayo Tanzania iliisusia. Kama malaria ilimsumbua Bayi, wewe na mimi tunajivunia nini?

Basi tufanyeje? Sitatoa ratiba mpya, zipo nyingi. Natoa namna ya kuishi nayo.

Kwanza, hesabu siku za kupumzika kabla ya siku za kukimbia. Chukua ratiba ya masomo na ya zamu za wodini, uweke pembeni ya ratiba ya mbio. Siku inayofuata zamu ya usiku iwe ya kupumzika, hata kama programu ya simu imeiandika kasi. Siku nzito ya wodini isikae na siku nzito ya barabarani. Kwa mtu wa maisha yetu naona mbio nne kwa wiki zinatosha kabisa kwa kilomita 21, na siku tatu zinazobaki siyo uvivu.

Pili, mbio iliyokosekana iache. Mvua imenyesha Jumanne, Jumatano fanya ya Jumatano. Ukikosa mbio ndefu ya Jumamosi unaweza kuihamishia Jumapili, lakini Jumatatu inabaki ya kupumzika na mbio ya Jumanne inapungua. Ukikosa wiki nzima kwa ugonjwa au msiba, usianze pale ratiba ilipofika. Anza pale mwili ulipofika.

Tatu, wiki moja kati ya kila nne punguza kilomita kwa theluthi moja hivi. Nasema hivi nikijua kwamba hakuna kanuni ya hesabu inayomlinda mtu peke yake. Kule Groningen, Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwagawa wakimbiaji wapya 532 katika makundi mawili, moja likaongeza mazoezi taratibu kwa wiki 13, lingine likafuata mpango wa kawaida wa wiki 8. Katika kila kundi karibu mmoja kati ya watano aliumia, taratibu au haraka. Ninachojifunza hapo ni kwamba asilimia za kuongeza kwenye karatasi hazitoshi. Lazima uangalie mtu mwenyewe: amelala vipi, maumivu yake yanaisha akipasha au yanaongezeka, mapigo yake ya asubuhi yamepanda kuliko kawaida. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuionesha kwa kidole, kwenye mfupa, hayo usiyakimbilie. Nenda ukaonwe.

Nne, wiki mbili za mwisho punguza kweli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2007 ulionesha kuwa wanamichezo hufaidika zaidi wanapopunguza kiasi cha mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika wiki mbili kabla ya shindano, bila kupunguza kasi yenyewe. Kwa vyuo vingi hizo ndizo wiki ambazo mitihani ya muhula inakaribia. Watu wanalia kwamba ratiba zimegongana. Mimi naona zimepatana. Muda unaoutoa barabarani upeleke kwenye madaftari na kitandani, utafika Moshi na miguu mipya na bila hofu ya sapu.

Yote hayo mtu anaweza kuyafanya peke yake, lakini sisi hatukimbii peke yetu, na hapo ndipo naigeukia serikali ya wanafunzi na viongozi wa makundi ya jogingi, wakiwemo wa kundi langu. Kuna mambo matatu naomba.

La kwanza, orodha ya "watoro" inayorushwa kwenye kundi kila asubuhi ifutwe. Inachekesha, lakini nimeona inavyofanya kazi: mwenzetu mmoja alikuja na ugoko uliomuuma wiki mbili kwa sababu hakutaka jina lake litokee. Msimu ule hakwenda Moshi, na mwezi mzima alipita wodini akichechemea, akiomba kiti kwenye raundi. Nauli aliyokuwa amechanga alimpa mwingine. Mbio tunakwenda mara moja kwa mwaka, lakini miguu tunaihitaji kila siku ya kazi tuliyoichagua. Daktari, muuguzi, mtu wa maabara, wote wanafanya kazi wakiwa wamesimama.

La pili, tangazo la mazoezi la wiki liandike siku za kupumzika kwa herufi kubwa zile zile za siku za kukimbia. Kitu kisichoandikwa kwenye tangazo, kwa mwanafunzi, hakipo.

La tatu, wizara ya michezo isipange bonanza la mpira Jumapili, asubuhi baada ya mbio ndefu ya Jumamosi, kisha ikawahesabia ushiriki watu wale wale. Mkimbiaji aliyetoka kilomita 16 ukimwingiza uwanjani kucheza namba saba, unamtafutia jeraha la bure. Kalenda ni moja, inapangika.

Najua kuna atakayesoma hapa akasema hii ni falsafa ya kuhalalisha uzembe. Mzembe hahitaji falsafa, tayari amelala. Ninaowaandikia ni wale wanaoamka saa kumi na moja kila siku, wanaokwenda mpaka darajani na kurudi kabla jua halijachomoza, wanaoona haya kusema "leo sitoki". Hao ndio tunaowapoteza wiki ya saba. Wangekuwa wameisema sentensi hiyo mara mbili kwa wiki tangu Desemba, Februari tungekuwa nao kwenye basi.